Mama Mkwe wa Daktari

Mkwe wangu ni daktari, na mwaka mzima wa kwanza nilioishi Iringa sikuwahi kuuona uso wake wote. Niliona kisogo chake akitokea mlango wa nyuma. Niliona viatu vyake barazani, nikajua yumo ndani. Siku moja tulikutana ana kwa ana kwenye ukumbi, akageuka upesi akaelekea ukutani, akasema "Shikamoo mama" kuuambia ule ukuta, na mimi nikakiitikia kisogo "Marahaba." Nikarudi chumbani, nikakaa kitandani nikijiuliza nimemkosea nini mtoto wa watu.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilisomesha hesabu shule za msingi mpaka nikastaafu. Mume wangu akatangulia mbele ya haki, na binti yangu, ambaye sina mwingine, alikuwa ameolewa na Mhehe huku juu. Akanipigia simu: mama njoo, utakaa na kuta mpaka lini? Nikaja na kibali cha ukaazi chenye mihuri, na dawa zangu za presha nimezipakata kwenye mkoba safari nzima, kwa sababu mtu hatii roho yake kwenye buti la basi.

Kwetu mkwe ni mwana. Akija anakupa mkono, anaubusu wako, anakaa mkekani na wewe unamgombeza ale. Huku binti yangu akanieleza kwamba mwanamume wa Kihehe aliyelelewa vizuri hamtazami mama mkwe usoni. Hali naye chakula, hakikalii kiti chake, hakanyagi chumba anacholala. Mazungumzo yapitie kwa mke.

"Ni heshima, mama. Anakuheshimu sana."

"Heshima ya kukimbiwa mimi siijui," nikamwambia.

Akacheka. Mimi sikucheka. Angekuwa mkulima au fundi ningesema haya, kila watu na mila zao. Lakini daktari! Kuwa na daktari nyumbani asiyeweza kukushika mkono ni sawa na kuishi kando ya kisima kisicho na ndoo.

Haya ninayoyasimulia yalinipata katika miezi ambayo akili yangu haikuwa yangu. Mengine nimesimuliwa na binti. Mengine mpaka leo siyajui, na sitayajua.

Dawa zangu ziliisha wakati wa baridi. Wasioijua Iringa hudhani Afrika yote ni jua. Waje mwezi wa saba wasimame sokoni asubuhi na upepo ule. Nikajifunga shali, nikaenda na boksi tupu mpaka duka la dawa la mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa pale pale mjini, anayewasalimu wateja "Kamwene" kuwashinda Wahehe wenyewe. Akaligeuza boksi, akavaa miwani, akalisoma, akaivua.

"Mama, hii ya kampuni ya kwenu. Huku hatuna."

"Basi nipe inayofanana nayo."

"Ya presha ninayo nyingine, nzuri, wazee wengi wanaitumia. Lakini cheti kiko wapi?"

"Cheti kiko Mombasa. Daktari ninaye nyumbani." Nikamtajia.

Uso wake ukafunguka. "Ah! Kumbe wewe ndiye mama mkwe wa daktari! Basi yeye anajua." Akanifungia dawa, akanisindikiza mpaka mlangoni.

Nyumbani nikamwambia binti nimepata dawa, dukani wanamjua mumeo. Binti akalipeleka neno hilo chumba cha pili, na mumewe akadhani nimeandikiwa na mwenzake kliniki. Hakuuliza zaidi. Angemwulizaje mama mkwe anameza nini? Mimi nami sikusema zaidi, maana sikujua kama kuna zaidi. Nilimeza. Dawa ni dawa.

Baada ya wiki chache viatu vikanikataa. Nilidhani ni baridi, nikavaa soksi mbili mbili, kumbe nazidisha. Jioni vifundo vya miguu havionekani, ukibonyeza panabaki shimo. Nikawa navaa ndara ndani ya nyumba, na kwa vile buibui langu lilikuwa refu nikaamini hakuna anayeona. Binti aliona nilipokuwa natia udhu. Akapiga kelele kama ameona nyoka.

Nikapelekwa kliniki kwa daktari kijana aliyefanya kazi chini ya mkwe wangu. Maskini yule kijana! Alinisalimia ameinama hadi nikamwonea huruma. Kwake mimi nilikuwa mama mkwe wa mkubwa wake, na sijui kama aliona aibu yake mwenyewe au ya mkubwa wake. Hakunigusa. Niliinua pindo la buibui kidogo, akaitazama miguu kwa mbali, upesi.

"Miguu imejaa maji, mama. Nakuandikia vidonge vya kuyatoa. Chumvi upunguze. Hizo dawa zako nyingine, daktari wetu si anazijua?"

"Anazijua," nikasema. Kwa nini nisingesema hivyo? Mji mzima ulikuwa unaniambia anajua.

Chumvi sikuipunguza, niliiacha kabisa. Mtu akiniambia jambo mimi sifanyi nusu nusu.

Mambo yangekuwa mepesi kama yangeishia hapo. Lakini siku zile zile binamu yangu wa Mombasa akanitumia mzigo kwa mtu aliyekuwa akija: halua, mkeka, na maboksi ya dawa yangu ya zamani ya kunitosha kwa muda mrefu. Niliyabusu yale maboksi. Ya huku sikuiamini sana, ilikuwa imenivimbisha au haikunivimbisha, sikujua, lakini sikuiacha pia kwa sababu imetoka kwa watu wanaomjua mkwe. Nikawa nameza ya huku na ya kwetu pamoja. Nilijiambia ile ya Mombasa imenizoea.

Sasa nitasema jambo ambalo wakati ule ningekufa kabla sijalisema. Mkojo. Nilikojoa mchana, nilikojoa usiku, nilikojoa nimetoka tu kukojoa. Mara nyingine sikuwahi kufika. Mwanamke mtu mzima, hajati, nafua kanga zangu mwenyewe alfajiri kabla watu hawajaamka na kuzianika chumbani nyuma ya kabati. Na nitamwambia nani? Kila neno nililomwambia binti yangu lilifika kwa mumewe jioni ile ile. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake nyumba ile. Nimwambie mama yako hawezi kujizuia, apeleke habari hiyo kwa mwanamume ambaye hata uso wangu hautazami? Nikawa nachuja maneno kama tui. Binti alipata maji mepesi: kifua kidogo, usingizi kidogo, baridi. Machicha nikabaki nayo mwenyewe.

Dawa niliyoitafuta ilikuwa rahisi: usinywe, hutakojoa. Nikaacha maji. Kikombe kimoja cha chai asubuhi, kingine jioni.

Na akili ikaanza kuondoka.

Mwanzo ilikuwa vitu vidogo. Nilitia chai kwenye bakuli la sukari. Nilimwita binti kwa jina la marehemu shangazi yangu. Kisha siku moja nilikwenda sokoni kununua nyanya za Ilula, nikalipa, nikageuka, na mji wote ukawa mgeni. Majengo nayaona, watu nawaona, lakini haviunganiki. Nilisimama na kikapu mpaka mama muuza mboga mmoja akanishika bega, "Bibi, unaumwa?" Nikamjibu kwa hasira kwamba namsubiri mume wangu. Mume wangu yuko makaburini Mombasa. Nilijua nimesema uongo, na sikujua ukweli ni upi.

Kuna jambo lililonitia hofu kuliko yote. Mama yangu mzazi alimaliza maisha yake bila kunijua. Aliniita kwa majina ya watu waliokufa, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, akanifukuza kwenye chumba chake akisema mimi ni mwizi. Nilimwuguza mpaka mwisho na nikaomba Mungu anichukue mguu, anichukue macho, lakini hilo asinipe. Sasa nilikuwa nasimama kwenye swala sijui nimeswali rakaa ngapi, naanza upya, napotea tena, mpaka naketi mkekani nalia. Sikulia kwa sababu ya ugonjwa. Nililia kwa sababu nilijua njia ile inakwenda wapi.

Binti akaondoa viberiti jikoni. Hakuniambia, aliviondoa tu. Nilivitafuta asubuhi nzima, na nilipoelewa kwa nini havipo nilitamani ardhi inimeze.

Ikaamuliwa niende Mbeya kwa daktari bingwa. Mkwe alipanga kila kitu kupitia mdomo wa mke wake, na akasema atatupeleka mwenyewe kwa gari. Mimi nikawekwa kiti cha nyuma, nyuma yake kabisa, binti mbele. Kabla ya kuwasha gari alinyoosha mkono akakigeuza kile kioo cha ndani, kikaangalia dari. Asije akaniona kwa bahati mbaya.

"Utaonaje nyuma na malori haya?" binti akamwuliza.

"Vya pembeni vinatosha."

Basi tukatoka Iringa hadi Mbeya tukiwa na heshima kubwa na hatuoni nyuma. Malori ya Zambia yanatupita yakinguruma, naye anachungulia vioo vya pembeni kama kuku anayetazama mwewe. Nilitaka kumwambia, mwanangu, utatuua kwa adabu. Lakini maneno hayakujipanga. Nilikuwa naona misonobari ya Mafinga inapita, na kila mara nikidhani tuko njiani kwenda Malindi, nikishangaa minazi imekwenda wapi.

Tulipoipita Makambako nikabanwa. Sikuthubutu kusema. Nimwambie binti, "Mwambie asimamishe gari," ajue kwa nini? Nikakaza meno. Nikasoma kila dua niliyoikumbuka, na nyingi sikuzikumbuka. Walisimama Chimala, binti anunue mchele, na mkwe akashuka akaenda kusimama mbali huko ng'ambo ya barabara, apate kunipa nafasi. Nafasi yenyewe ilikuja imechelewa. Nilishuka na kanga nimeifunga mara mbili juu ya buibui, nikamwambia binti nimemwagikiwa na maji. Maji gani, na sijanywa tone tangu asubuhi? Hakuuliza. Au aliuliza nami sikumbuki.

Bingwa wa Mbeya alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya imamu. Kabla ya kufika kwake, dada wa mapokezi aliniuliza mimi raia wa wapi. Nikasema Mkenya. Akanitazama, "Kwa Kiswahili hiki?" Nikataka kumjibu vizuri, nikasahau swali. Ndani, mkwe hakuingia. Alibaki kwenye benchi nje. Binti akakaa pembeni yangu.

Bingwa aliniuliza leo siku gani. Sikujua. Akaniuliza tuko mji gani, nikasema Iringa. Kisha akasema, taratibu, "Mama, mia moja toa saba."

Jamani. Nimesomesha kutoa maisha yangu yote. Nimewafundisha watoto wa watoto niliowafundisha. Nilizitazama zile namba kichwani, zikasimama kama wageni mlangoni, hakuna aliyeingia. Nikasema, "Themanini." Binti yangu akageuza uso.

Akauliza kuhusu choo kikubwa. Nikasema kizuri. Mkojo? Nikamtazama binti, nikaona mdomo wake na nyuma ya mdomo wake nikamwona mumewe. "Wa kawaida," nikasema. Maji unakunywa? "Nakunywa." Dawa gani? Binti akataja zile za presha za dukani na zile za maji. Za Mombasa hakuzitaja kwa sababu hakujua kama bado nazimeza. Mimi mwenyewe swali lilikuwa limeshanipita. Vipimo vya damu bingwa hakurudia. "Nadhani huko mmeshafanya vyote, daktari mwenyewe ni wa nyumbani," akasema, na binti akaitikia kwa kichwa, naye akidhani hivyo hivyo.

Nikapigwa picha ya kichwa. Akaitazama, akasema ubongo umesinyaa kidogo kama wa wazee wengi, na dalili zinaelekea kwenye ule ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni. Akasema tuanze dawa. Akasema nisiachwe peke yangu. Alisema kwa upole sana, tena akinitazama mimi, si binti, na kwa hilo namshukuru. Lakini niliposikia neno lile nilimwona mama yangu amekaa kwenye kona ya chumba kile, ananiuliza mimi ni mtoto wa nani.

Tulifikia Uyole, nyumbani kwa shangazi yake mkwe. Shangazi mwenyewe alikuwa amekwenda msibani, ametuachia ufunguo na ndizi jikoni. Nikalazwa chumba cha mbele chenye dirisha linaloangalia baraza. Ilikuwa alasiri. Nikasikia mkwe amekaa kwenye kigoda barazani, chini ya dirisha lile, na binti anakwenda na kurudi baina yetu.

"Mama, anauliza hii hali ilianza lini hasa."

"Mwambie sijui."

Akaenda, akarudi. "Anasema ugonjwa wa kusahau unakuja polepole, kwa miaka. Huu wako umekuja kwa msimu mmoja. Hajaridhika. Anauliza kama unakunywa maji."

"Mwambie nakunywa."

"Anauliza usiku unalala?"

"Mwambie nalala."

Akaenda, akasema nalala. Akarudi na swali jingine, na sikumbuki lilikuwa nini, nakumbuka tu kwamba safari hii hakulimaliza. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, na binti yangu niliyemzaa akapaza sauti nyumba nzima isikie.

"Mimi si simu! Huyu anaficha hili, yule anaona haya lile, na katikati mama yangu ananiponyoka! Nimechoka kuwa mdomo wa watu wawili. Semezaneni wenyewe!"

Akavaa ndara, akatoka. Nikasikia geti linagonga.

Nilidhani mkwe naye ameondoka. Kisha sauti ya mwanamume ikatoka chini ya dirisha.

"Mama."

"Naam."

"Nimekaa nimeelekea barabarani. Sikuoni."

"Nami sikuoni."

"Naomba nikuulize kama ninavyomwuliza mgonjwa yeyote. Swali likikuudhi, nyamaza tu, nitaenda la pili."

Nikakohoa, naye akalichukua hilo kuwa ruhusa. Swali lake la kwanza, Mungu ampe maisha marefu, lilikuwa kuhusu mkojo. Hakuzunguka. Akauliza unaamka usiku, na ukiamka unawahi?

Sijui niseme nini kuhusu wakati ule. Ningekuwa na akili zangu timamu labda ningenyamaza, na kimya kingenimaliza. Lakini nilikuwa nimechoka, hofu imenila, na mbele yangu hapakuwa na uso wa mtu, palikuwa na dirisha, na pazia, na sauti. Nikasema, "Siwahi." Na nilipolisema hilo, yote yakafuata. Kanga nyuma ya kabati. Chai vikombe viwili. Chumvi niliyoiacha. Nikamsimulia mpaka Chimala. Nililia nikisimulia Chimala. Hakucheka, hakusema pole. Alisema "Ehe" kila baada ya muda, kama mtu anayeandika.

"Dawa zote unazomeza unazo hapo? Zote, mama, na zile ambazo hakuna aliyekuuliza."

Nikavuta mkoba. Mkono wake ukapanda dirishani, kiganja juu, yeye mwenyewe kageukia kwingine. Ndiyo mara ya kwanza niliutazama mkono wa mkwe wangu kwa kituo. Nikaweka boksi moja, ukashuka. Ukapanda tena. Nilipoweka lile la Mombasa ukashuka na ukakawia kupanda.

"Hii bado unaimeza?"

"Kila asubuhi."

"Nani alikwambia ndani yake mna nini?"

"Mna presha."

"Mama, kidonge hiki ni dawa mbili kwa pamoja. Moja ya presha, moja ya kutoa maji." Nikamsikia anavuta pumzi. "Dukani wakakupa ya presha peke yake, ile huwavimbisha watu miguu, wengi tu. Miguu ikavimba, ukapewa ya kutoa maji. Kisha ukarudia hii ya kwenu, nayo inatoa maji. Unatolewa maji mara mbili, na chumvi inatoka nayo, na wewe huli chumvi. Nadhani damu yako imeishiwa chumvi. Chumvi ya damu ikishuka sana mtu huchanganyikiwa. Inatokea zaidi kwa akina mama watu wazima."

Sikuelewa hata nusu yake. Nilielewa jambo moja, nikauliza. "Kwa hiyo mimi si kama mama yangu?"

Hakujua mama yangu alikuwaje. Sikuwahi kumwambia, na binti alikuwa mdogo mno kukumbuka. Akasema tu, "Sijui bado. Tunakwenda kupima sasa hivi. Lakini sidhani."

Nikaanza kutafuta mtandio. Yeye hakuinuka. Akasema, kwa sauti ya chini zaidi:

"Miguu niliiona."

"Nini?"

"Miguu yako. Mimi nikiwa karibu yako natazama chini, mama. Kitu chako pekee ninachokijua ni miguu. Niliiona tangu ilipoanza kujaa, kabla ya mke wangu. Nikajiuliza nitamwambiaje kwamba nimeikagua miguu ya mama yake. Nikanyamaza, nikasema kliniki wataiona."

Nilikasirika. Nasema kweli, hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka, na ilikuwa hasira safi, ya mtu mzima, ya kwanza kuniingia vizuri baada ya muda mrefu. Nilitaka kumwuliza kama huo udaktari alisomea ili auache mlangoni na viatu. Lakini nilimsikia analia pale chini, bila sauti, anavuta kamasi kama mtoto wa shule, na nikakumbuka nilivyokuwa nikianika kanga zangu nyuma ya kabati. Nikamwambia, "Inuka. Mwite mkeo twende."

Hospitalini walipima damu. Chumvi ilikuwa chini kiasi kwamba daktari wa zamu alirudia kipimo, akidhani mashine imekosea. Nikalazwa wodi ya wanawake, vidonge vikasimamishwa, nikatundikiwa dripu inayodondoka polepole mno. Walisema chumvi ikirudishwa kwa haraka nayo inaleta madhara. Bingwa mwenyewe alikuja kitandani, akasoma majibu, akayasoma tena, akasema, "Mama, tulikuharakisha."

Siku za mwanzo pale wodini siwezi kuzieleza. Nilikuwa Mombasa, nilikuwa Iringa, nilikuwa darasani. Kisha ukungu ukaanza kupanda, si kwa mara moja. Asubuhi moja nilimsikia muuguzi anahesabu vidonge kwa sauti kitanda cha jirani, akakosea, nikamsahihisha kabla hajafika mwisho. Akageuka akanitazama. Nikalala chali nikaanza kutoa saba kutoka mia mwenyewe, kimya kimya: tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa. Nilifika chini kabisa bila kukosea, na nikaanza tena juu kwa raha tu.

Jioni ya siku hiyo, saa ya kuangalia wagonjwa, binti alikuja na mumewe. Kwa kawaida alibaki mlangoni. Siku hiyo aliingia, akapita baina ya vitanda macho yakiwa sakafuni, akafika miguuni pa kitanda changu akasimama. Mama mmoja wa Kihehe kutoka Kilolo, aliyelazwa mkabala nami, akashika mdomo: "Jamani, huyu si mkwe wake?"

Akapiga magoti. Akalifunua shuka kidogo tu, usawa wa vifundo, akaweka kidole gumba juu ya mguu wangu, akabonyeza, akashikilia. Mkono wake ulikuwa wa moto. Akakitoa kidole, akalitazama lile shimo mpaka likajaa tena. Akafanya na mguu wa pili. Hakuinua uso hata mara moja.

Kisha akasema, sauti ya kazini, akimwambia mke wake aliyesimama kichwani kwangu:

"Mwambie mama uvimbe unapungua. Na kipimo cha leo ni kizuri."

Binti yangu alinitazama, machozi yanamtoka na mdomo unacheka. "Mama, anasema uvimbe unapungua. Na kipimo cha leo ni kizuri."

"Mwambie nimesikia," nikasema. "Na mwambie nimeelewa."